Mzuzi, Mwasi na Mwasisi: Habari za Majina ya Waletao Mambo Mapya

Kiswahili hakina uchache wa majina ya watu watanguliao wenzao katika kuleta mambo mapya. Mtu aweza kuyahesabu kwa vidole, na vidole vikamwishia: mwanzilishi, mwasisi, mtangulizi, kiongozi, mvumbuzi, mgunduzi, mbunifu, mwanamapinduzi, mwanamageuzi, mwanaharakati, mkereketwa, na upande wa pili wa mizani, mzushi, mwasi, mpinduzi, mtu wa bidaa. Nakusudia katika makala haya kueleza historia ya baadhi ya majina hayo, si yote, na kuonyesha jambo moja ambalo kamusi zetu hazilionyeshi: ya kuwa majina ya sifa aghalabu huja nyuma ya tendo, baada ya jambo jipya kushinda na kuzoeleka, na ya kuwa wakati tendo lenyewe lilipokuwa likitendeka, mtendaji wake aliitwa kwa jina la upande wa pili. Asiyeliangalia hilo ataandika historia ya watu wetu kwa maneno ambayo watu hao hawakuyasikia masikioni mwao, naye atadhani ya kuwa anaeleza, kumbe anahukumu.

Sababu iliyonifanya nishike kalamu ni hii. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika kamati ndogo ya istilahi, tukapewa orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza ya kutafutiwa Kiswahili. Miongoni mwao lilikuwamo lile ambalo Waingereza hulitumia kwa watu wafanyao jambo kabla ya wengine wote. Asili yake ni jeshini: waliitwa hivyo askari wa miguu waliotangulia jeshi, wakichimba mitaro na kufyeka njia. Mjumbe mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu na mwenyeji wa pwani, akasema kwa utulivu, "Huyo ni mzuzi." Wajumbe wakacheka, maana walisikia mzushi. Neno likapitwa, tukaendelea na orodha. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi, na kwa siku nyingi baadaye sikuweza kuliacha neno hilo. Yule mzee hakuwa amekosea.

Kitenzi zua kina maana zinazosukumana. Seremala huzua ubao kwa keekee, yaani huutoboa. Mtu huzua jambo, yaani hulileta ambalo halikuwapo. Mtu humzulia mwenzake, yaani humsingizia. Zuka ni kutokea ghafula. Mzuka ni pepo atokeaye pasipotazamiwa. Zusha ni kulifanya jambo lizuke, na mwenye kuzusha ndiye mzushi. Katika lugha ya Wakristo uzushi ni mafundisho yaliyoiacha imani ya Kanisa. Katika lugha ya mitaani mzushi ni mwongo, basi. Hivyo neno lililoweza kuwa jina la mtu mwenye fikira mpya limezama, na hata mzuzi, ambalo kwa umbo lake halina kosa lolote, limezama pamoja nalo.

Tutazame kwa jirani. Katika Kiganda ziika ni kuzika, zuukira ni kufufuka, na zuula ni kuvumbua, yaani kukiona kilichokuwa kimefichika. Msomaji ajuaye sauti za Kibantu atatambua mara moja ya kuwa zuula na zua ni ndugu. Kiswahili kimeiangusha l katikati ya irabu mahali pengi ambapo Kiganda kimeihifadhi: zaala ya Kiganda ni zaa yetu, na kula yao, yenye maana ya kuongezeka umbo, ni kua yetu. Walakini l hiyo haikupotea kabisa. Hujificha, kisha ikarudi katika minyambuliko: zaa, zaliwa, zua, zuliwa, zulia. Basi nadhani twaweza kuviweka vitenzi zika na zua pamoja kuwa jozi ya kutenda na kutendua, kama vilivyo funika na funua, vumbika na vumbua: cha kwanza ni kutia ndani, cha pili ni kutoa nje. Wapo watakaosema ya kuwa zua la keekee ni neno jingine lililofanana na hili kwa bahati. Sina ugomvi nao, ijapokuwa kutoboa na kukitoa kilichomo si mambo yaliyo mbalimbali sana. Lililo muhimu ni kwamba mzizi ni mmoja, na wasemaji ni watu wasiokaa mbali. Upande mmoja ukawa uvumbuzi, upande mwingine ukawa uongo. Sauti haziwezi kutueleza tofauti hiyo. Yatupasa kuitafuta katika maisha ya wasemaji.

Sehemu ya jibu, kwa maoni yangu, imo katika neno bidaa. Watu wa pwani wameishi karne nyingi na dini ambayo wanazuoni wake wana jina maalumu kwa jambo lisilokuwapo zama za Mtume na likaingizwa baadaye. (Msomaji asidanganywe na sauti: mwanazuoni hatokani na zua, bali na zuo, yaani vyuo kwa lahaja za kaskazini.) Katika kulieleza neno hilo kwa Kiswahili, kitenzi kilichokuwa karibu kabisa ni zua: bidaa ni jambo lililozuliwa. Wanazuoni wenyewe waliigawa bidaa, wakasema ipo njema na ipo mbaya. Lakini mgawanyo huo ulikaa darasani, haukushuka sokoni. Sokoni lilishuka neno tupu pamoja na uzito wake, na zua likaubeba.

Lamu inatupa mfano ulio mzuri kuliko wote niujuao. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Saleh bin Alawi, sharifu mwenye asili ya Visiwa vya Ngazija, alifundisha dini kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwamo waliotoka katika nyumba za watumwa, akajenga Msikiti wa Riyadha, na maulidi yakasomwa humo kwa matari. Katika wakubwa wa mji wapo waliosema ya kuwa hiyo ni bidaa. Habib Saleh alifariki 1935. Maulidi yake hayakufa naye. Leo ndiyo fahari ya Lamu, na watu huyaendea kutoka nchi za mbali. Katika vitabu atasomwa kuwa mwasisi wa Riyadha. Hakuna aliyemwita mwasisi siku zile matari yalipopigwa mara ya kwanza.

Wakati huohuo Mombasa palikuwa na mwanazuoni mwingine, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye aliitumia silaha ya bidaa kwa upande wa pili. Aliandika dhidi ya desturi alizoona kuwa zimeongezwa katika dini, na dhidi ya uvivu wa Waislamu wa pwani katika elimu, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti lililoitwa al-Islah. Yaani mtu aliyekuwa akileta mambo mapya, gazeti, shule, fikira kutoka Misri, aliyaleta kwa jina la kurudi kwenye ya zamani. Jambo hilo si la ajabu katika historia ya dini yoyote. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha ipo faida katika jina la lile gazeti. Mzizi wa islah umeingia katika Kiswahili kwa milango mingi. Tunao katika suluhu, suluhisha na msuluhishi. Tunao katika maslahi. Lakini ile maana aliyoikusudia Sheikh al-Amin, ya kutengeneza kilichoharibika katika umma, haikupata kuingia katika lugha ya kila siku. Lugha ilichukua amani, ikachukua na faida, marekebisho ikayaacha mlangoni. Msuluhishi wetu ni mtu amalizaye ugomvi. Aanzaye jambo hakupewa jina kutoka mzizi huo.

Nakuja sasa kwa mwasi na mwasisi. Maneno haya mawili yametoka Uarabuni katika mizizi miwili isiyohusiana. Mwasi ametoka katika asi, kukataa kutii, ambalo kwa Kiarabu huanza kwa ayn na ndani yake ina sadi. Mwasisi ametoka katika asisi, kuweka msingi, ambalo halina ayn wala sadi, bali hamza na sini. Mwarabu hawezi kuyachanganya. Sisi ayn imetutoka katika ulimi, hamza nayo imetutoka, na sadi na sini zimekuwa s moja. Hata yale yaliyokuwa yametengana kwa herufi tatu yakabaki kutengana kwa silabi moja. Sitaki kujenga hoja juu ya mkutano huu wa sauti, maana ni bahati tu. Lakini historia imekuwa ikivuka ukingo huo mwembamba mara kwa mara kana kwamba haukuwapo.

Mfano ni Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wadachi walimnyonga mwezi wa Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza katika milima ya Umatumbi. Katika lugha ya serikali ya wakati ule yeye alikuwa mchawi, na waliomfuata walikuwa waasi. Baada ya Uhuru waandishi wa historia walimtoa katika kundi hilo, wakamweka miongoni mwa waliotangulia kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akamfanya shujaa wa tamthilia iliyosomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari. Hukumu hizi mbili twazijua. Lakini watu wa Umatumbi na Rufiji wenyewe walimwitaje yeye na wale wajumbe waliopeleka maji kutoka mji hadi mji? Mojawapo ya majina hayo lilikuwa hongo. Msemaji wa leo akilisikia neno hilo atafikiri habari za rushwa, na msomaji wa safari za karne ya 19 atakumbuka kodi ambayo wenye misafara waliwalipa watemi ili wapite. Hongo wa maji hakuwa huyu wala yule. Alikuwa mtu aliyebeba habari mpya. Jina hilo halikupata nafasi katika Kiswahili sanifu. Tumemwita mwasi, tukamwita shujaa, na jina aliloitwa na wale waliompokea mlangoni limezikwa chini ya neno jingine lifananalo nalo.

Katika hayo maneno ya kisiasa lililobadilika kwa haraka kuliko yote ni mapinduzi. Kila mtu wa pwani ajua kupinduka ni nini: dau limepinduka, walio ndani wako majini. Hakuna baharia asikiaye kitenzi hicho kwa furaha. Walakini tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani wa Unguja iliangushwa, likaundwa Baraza la Mapinduzi, na kuanzia hapo nomino hiyo ikawa jina la serikali, la sikukuu, na mwaka 1977, TANU na Afro-Shirazi Party zilipoungana, ikawa jina la chama kinachotawala. Sijui neno jingine katika lugha yetu lililopanda ngazi kwa kasi hiyo. Lakini angalia lililotokea katika ukoo wake. Nomino imepanda, kitenzi hakikupanda nayo. Mapinduzi husherehekewa, kupindua serikali hushtakiwa mahakamani. Wala mpinduzi hakupanda. Ilipohitajiwa heshima kwa mtu mwenyewe, lugha haikumwita mpinduzi, ambaye ndiye mtenda hasa kwa kanuni za sarufi, ilimwita mwanamapinduzi.

Hapa pana jambo la sarufi linalostahili kukaliwa kidogo. Mwana- katika maneno ya zamani ni mtu aliye wa mahali au wa kazi fulani: mwanamaji, mwanafunzi, mwanachuoni. Ni mtoto wa kitu ambacho kimemtangulia. Mwanamaji hakuianzisha bahari. Katika karne ya 20 kiambishi hicho kimezaa ukoo mkubwa, mwanachama, mwananchi, mwanasiasa, mwanamapinduzi, mwanamageuzi, mwanaharakati, na kila mmoja wao ni mtu wa kitu ambacho tayari kipo na kina jina. Yaani heshima hutoka kwa kile kitu, ikashuka kwa mtu. Umbo la m- pamoja na kitenzi hufanya kinyume: humweka mtu mbele na tendo mkononi mwake, mzuzi, mzushi, mwasi, mpinduzi. Najua ya kuwa mvumbuzi na mtangulizi ni wa umbo hilihili na hawana lawama, kwa hiyo siiti hii kanuni. Ni mwelekeo tu. Lakini mwelekeo huo wasema jambo. Lugha imeona ni salama zaidi kumsifu mtu kwa kuwa mmoja wa walio wengi kuliko kumsifu kwa kuwa wa kwanza.

Mageuzi yalifuata njia ileile miaka ya 1990, hasa baada ya sheria ya 1992 iliyoruhusu vyama vingi nchini Tanzania. Wanamageuzi wakapata heshima, na kigeugeu, aliye mtoto wa mzizi uleule, akaachwa na lawama zake. Harakati ni ndugu pacha wa haraka, wote wawili wakiwa watoto wa neno moja la Kiarabu la kujongea. Mmoja amekua mwanasiasa, mwingine amebaki kuwa adui wa baraka. Mkereketwa, aliyepata sifa katika siku za chama kimoja, ni mtu awashwaye kooni. Haya nayataja kwa kupita.

Kiongozi anahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndilo jina tulitumialo kwa urahisi kuliko yote tunapotaka kumtaja aliyetangulia katika jambo jipya, nami naona ya kuwa kwa asili yake halifai. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilikuwa na mtu aliyetembea mbele ya wote, mwenye bendera, na ngoma ikimfuata. Jina lake katika vitabu vya wasafiri ni kirangozi, umbo lililo jamaa ya kiongozi wetu wa leo. Mtu huyo alichaguliwa kwa sababu aliijua njia. Alikuwa amekwisha kuipita, alijua visima, alijua watemi na hongo zao. Huyo si mtu wa jambo jipya hata kidogo. Ni mtu wa jambo la zamani, na thamani yake yote ilikuwa katika uzamani huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wadachi mjini Tanga ilipotoa gazeti la Kiswahili ililiita Kiongozi, nalo lilikuwa jina barabara kwa gazeti la watu waliodhani ya kuwa wameijua njia na wengine wawafuate.

Na huyo aliyefuata nyuma ya kirangozi tumemwita nani? Mvumbuzi! Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 wakitembea katika njia ambayo misafara ya Wanyamwezi na ya Waarabu ilikuwa imekwisha kuikanyaga, na mbele yao alikuwapo mtu wa kuwaonyesha. Hata hivyo vitabu vya shule, vya kwetu na vya wageni, vimewafundisha watoto ya kuwa aliyeongozwa ndiye aliyevumbua. Vumbua ni kukitoa kilichovumbikwa; lakini ziwa hilo halikuvumbikwa na mtu, na wavuvi wa Ujiji walikuwa wakila samaki wake. Wenzetu walioandika mgunduzi badala ya mvumbuzi, wakidhani wanapunguza kosa, pengine wamelipatia bila ya kukusudia, maana gundua la wawindaji wa zamani ni kumjia mnyama naye hana habari.

Kamati yetu, baada ya kucheka, ilikubali mbunifu. Sikulipinga. Buni, ambalo wengi hulitoa katika mzizi wa Kiarabu wa kujenga, limeishi pwani kwa heshima, na washairi wamelitumia kwa kazi yao wenyewe. Mbuni kwa kweli ndilo jina lililostahili, lakini mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka, na tena ni mti wa kahawa, na hapana mtu apendaye kuingia katika historia kati ya hao wawili. Ndipo likashika umbo la -fu, lenye kutaja tabia kuliko tendo. Mbunifu ni mtu mwenye kipaji. Neno halisemi ya kuwa alipata kufanya lolote, wala ya kuwa mtu yeyote alimfuata.

Baada ya neno hilo orodha ilikuwa na lingine, la kundi la watu wa namna hiyo, wale watanguliao pamoja. Hapo nilipendekeza chama. Nilijibiwa ya kuwa chama ni siasa. Nami hapa nataka kulitetea pendekezo langu kwa utaratibu ambao sikuupata siku ile.

Chama kilikuwa cha ngoma kabla ya kuwa cha siasa. Katika miji ya pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, ngoma ya beni ilikuwa na vyama vyenye kingi, jenerali na kanali, vyenye kanuni na michango, vyenye kusaidiana katika maradhi na mazishi. Baada ya vita vya 1914–1918 vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa vimefika mbali sana bara, kama Terence Ranger alivyoonyesha katika kitabu chake cha 1975. Wanawake walikuwa na lelemama na vyama vyao. Na jambo la kuangaliwa ni hili: katika ngoma upya haukuwa bidaa. Vyama vilishindana, na katika mashindano hayo chama kilichorudia wimbo wa mwaka jana au mavazi ya mwaka jana kilizomewa. Mtungaji, manju, malenga, haya yalikuwa majina ya watu walioleta kisichokuwapo jana, na yalikuwa majina ya sifa wakati wenyewe wa tendo, hayakungoja miaka hamsini. Hapa tu, katika uwanja wa ngoma na ushairi, ndipo nimeona Kiswahili kikimsifu mwanzo mtu wa kwanza. Siti binti Saad wa Fumba alipokwenda Bombay mwaka 1928, taarabu ya Kiswahili ikatiwa katika sahani za santuri, hakuitwa mzushi na wale waliozinunua.

TANU ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Waasisi wake, kama wanavyohesabiwa, ni watu 17, wote wanaume. Mwaka uliofuata ilipotakiwa sehemu ya wanawake, alichaguliwa Bibi Titi Mohamed, ambaye jijini alijulikana kwa sauti yake katika ngoma. Hakwenda kwa mwanamke mmoja mmoja. Aliwaendea wakuu wa vyama vya ngoma, nao wakaja na watu wao, na kwa muda wa miezi michache wanawake kwa maelfu wakawa wamekata kadi. Habari hizi tunazo kwa mapana katika kitabu cha Susan Geiger cha 1997, kilichoandikwa kutokana na masimulizi ya wanawake wenyewe. Kwa hiyo chama cha siasa kilijaa kwa kuingiliwa na vyama vingine vilivyokuwa vimekwisha kujua kukusanya watu, kuchanga fedha, kutunga nyimbo na kushika kanuni. Na nadhani si bahati ya kuwa neno lilelile lilivitaja vyote viwili, na ya kuwa wanawake hao hawakuhitaji kufundishwa maana yake.

Wale wakuu wa vyama vya ngoma hawamo katika hesabu ya waasisi, kwa kuwa mwasisi ni mtu wa tarehe na wa mkutano, na wao hawakuwa na tarehe. Bibi Titi mwenyewe lugha ilimzungusha katika majina karibu yote yaliyomo katika makala haya. Alikuwa kiongozi. Mwaka 1970 alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa 1971, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000, na moja ya njia kubwa za Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Katika miaka ile kadi zilipokuwa zikikatwa, watu wa uwanja wa ngoma walimjua kwa jina jingine, la mwimbaji wa chama.

Orodha ya kamati ilichapwa. Mbele ya neno la kwanza pameandikwa mbunifu. Mbele ya lile la kundi paliachwa wazi, nami katika nakala yangu nimeandika chama kwa penseli, na chini yake, kwa ajili ya yule mzee, wazuzi.